Video za 4K zinakwama kati ya kompyuta na TV ndani ya nyumba moja: niongeze kifurushi au shida iko kwingine?

#1 PichaZaHarusi

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, hasa kwa wale wanaofahamu mambo ya mitandao.

Napiga video za harusi, send-off na kipaimara hapa Mwanza. Kompyuta ya kuhariria iko chumba cha nyuma. Wateja wakija kuangalia kazi nawakalisha sebuleni, kwenye TV ya inchi 55 yenye boksi la Android. Kwenye kompyuta nimeweka Jellyfin (programu ya seva inayorusha video kwenda vifaa vingine vya nyumbani), boksi linavuta video kutoka huko kupitia ruta ya faiba tuliyofungiwa na kampuni ya intaneti. Kompyuta imeunganishwa kwa waya mfupi. Kutoka kwenye ruta kwenda sebuleni kuna waya mwingine uliopita juu ya dari, kama mita ishirini hivi, umechomekwa kwenye boksi. Situmii waifai.

Video za HD ya kawaida nilizokwisha kuhariri zinacheza bila tatizo. Zile za 4K zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera zinacheza sekunde chache, kiduara kinazunguka, zinaendelea, zinakwama tena. Mama wa bibi harusi amekaa kwenye kochi anasubiri kumwona binti yake akiingia ukumbini, na picha imeganda mlangoni. Inaniuma, maana hao ndio wanaoniletea wateja wengine.

Kuna na jambo la pili. Hata pale kiduara kisipotokea, kamera ikizungushwa taratibu ukumbini picha inakwenda kwa kushtukashtuka, hailainiki.

Nimepiga huduma kwa wateja wa hiyo kampuni, wakaniambia nipande kutoka megabiti 20 kwenda 50. Kabla sijatoa hela naomba kuuliza, itasaidia?

#2 NjiaPanda

Mkuu, 4K na megabiti 20 haviendani. Panda hiyo 50 na mambo yatakaa sawa.

#3 Fundi_Waya

Mkuu PichaZaHarusi, usilipe chochote kwanza.

Ndugu yangu NjiaPanda, ushauri wako ungefaa kama video zingekuwa zinatoka nje, mfano YouTube. Hizi zinatoka chumba cha nyuma kwenda sebuleni. Hazipiti kwenye faiba kabisa. Hata kifurushi kikiisha leo, au faiba ikakatwa na watu wanaochimba mtaro wa maji, boksi na kompyuta vitaendelea kuonana kupitia ruta kama kawaida. Chomoa waya wa faiba uone mwenyewe: video itacheza na kukwama vilevile.

Kwa hiyo tunatafuta sehemu moja tu inayobana kati ya diski ya kompyuta na macho ya mteja. Inaweza kuwa diski, waya, tundu la ruta, tundu la boksi, au kichakato cha kusoma hiyo video. Lami ya njia sita haisaidii kitu kama katikati kuna daraja la gari moja, na wewe hadi sasa hujajua daraja liko wapi. Tupime.

Naomba vitu viwili. Cha kwanza, chukua faili moja linalokwama, angalia ukubwa wake na urefu wake kwa sekunde. Zidisha gigabaiti kwa 8000, gawanya kwa sekunde. Jibu ni megabiti ambazo mtandao unatakiwa kupitisha kila sekunde.

Cha pili, weka iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao) kwenye kompyuta na kwenye laptop. Kwenye kompyuta andika:

`iperf3 -s`

Kisha peleka laptop sebuleni, chomoa waya kwenye boksi, uchomeke kwenye laptop, uandike (weka anwani ya kompyuta yako badala ya hii):

`iperf3 -c 192.168.1.10 -R -t 60`

Hiyo `-R` usiisahau. Inafanya data itoke kwenye kompyuta kwenda sebuleni, upande uleule video inakopita. Ukimaliza rudia kwa waifai ukiwa umekaa palepale kwenye TV, na hakikisha umejiunga na ile ya 5 GHz kama ruta inayo. Windows ikiuliza kuhusu ukuta wa moto, iruhusu kwa mtandao wa nyumbani.

#4 PichaZaHarusi

Asante sana Fundi. Nimechomoa faiba kama ulivyosema na kweli video imecheza vilevile, imekwama vilevile. Hilo la kifurushi nimelifuta.

Faili: gigabaiti 6.4, dakika 8 na sekunde 20. Hesabu inanipa kama 102.

Waya wa darini: laptop inasema imeunganishwa kwa 100. Kipimo kinacheza kati ya 38 na 71, hakitulii.

Waifai ya 5 GHz, laptop ikiwa mezani chini ya TV: kati ya 180 na 210.

Yaani waya umeshindwa na waifai? Mimi siku zote nasikia waya ndiyo mwisho wa matatizo.

#5 Fundi_Waya

Waya uliofungwa vizuri hauna mpinzani. Wako umefungwa vibaya, na karibu nijue ulivyofungwa.

Laptop za siku hizi nyingi zina tundu la gigabiti, na kama ruta yako nayo inalo, mlitakiwa kuona 1000. Angalia nyuma ya ruta kwanza, maana baadhi ya ruta za faiba zina tundu moja tu la gigabiti na mengine matatu ya 100. Mara nyingi LAN1 ndiyo ya gigabiti. Lakini hata tundu la 100 likiwa zima linatoa kama 94 zilizotulia. Hiyo 38 inayopanda na kushuka inaonyesha data inaharibika njiani na kutumwa upya.

Kile kichwa cha plastiki kinaonyesha ndani. Kishike sehemu ya kubonyezea ikiangalia chini, shaba za dhahabu ziwe juu na mbali na wewe. Soma rangi kutoka kushoto kwenda kulia, uniandikie za pande zote mbili.

#6 PichaZaHarusi

Ruta ni LAN1, imeandikwa GE (yaani gigabiti) pembeni. Laptop ina gigabiti, kwa waya mfupi inasoma 1000.

Rangi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili ziko sawa kabisa. Na fundi aliyefunga alipima kwa kile kifaa cha taa mbele yangu, zote nane ziliwaka kwa mfuatano.

#7 Fundi_Waya

Hapo ndipo penyewe. Naomba kila anayefungisha waya wa mtandao nyumbani asome hapa taratibu, maana kosa hili liko kwenye nyumba nyingi na kifaa cha taa hakilioni.

Ndani ya waya kuna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili: chungwa na nyeupe-chungwa, kijani na nyeupe-kijani, na kuendelea. Msokoto huo haukuwekwa kwa ajili ya urembo. Ishara hupelekwa kwa nyuzi mbili zilizosokotana, moja ikibeba kinyume cha mwenzake, na kelele inayoingia kutoka nje huzipata zote mbili sawasawa na kufutika mwishoni. Zikitenganishwa, kelele haifutiki tena, na ishara ya jozi moja inavujia jozi nyingine.

Sasa vifaa vinasoma jozi hivi: 1 na 2, 3 na 6, 4 na 5, 7 na 8. Ona hiyo ya 3 na 6, haijakaa pamoja. Ndiyo maana mpangilio sahihi, ule wa kiwango kinachoitwa T568B, ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani inaruka, inakwenda kukaa namba 6 ili ibaki na jozi yake iliyoko namba 3.

Fundi wako alipanga rangi kwa jinsi zinavyopendeza macho. Namba 3 akaweka nyeupe-kijani, namba 6 akaweka bluu. Vifaa vinadhani hizo ni jozi, kumbe hazikusokotana popote kwenye zile mita ishirini. Jozi ya 4 na 5 imevurugika vilevile. Kifaa cha taa kinauliza kama namba 3 huku imefika namba 3 kule, basi. Imefika, taa inawaka, fundi analipwa. Kwa waya wa mita moja usingegundua kitu. Kwa mita ishirini, gigabiti inakata tamaa na kushuka 100, na hiyo 100 yenyewe inapita kwenye jozi ya 1 na 2 pamoja na hiyohiyo ya 3 na 6 iliyovunjwa.

Waya hauna haja ya kubadilishwa. Kata vichwa viwili, weka vipya kwa mpangilio huo pande zote. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi kabla ya kichwa, na ganda la nje liingie ndani ya plastiki ili libanwe.

#8 KijanaWaLikoni

Fundi umesema kweli tupu, mimi huku Mombasa nimekuta hayo mpaka kwenye hoteli. Niongeze moja. Ukikata hicho kichwa, chukua kisu ukwangue uzi mmoja. Ukiona ndani ni rangi ya fedha, huo ni waya wa alumini uliopakwa shaba. Unauzwa bei rahisi na boksi lake limeandikwa Cat6 (daraja la ubora wa waya) kwa herufi kubwa. Kwa mita ishirini waweza kufanya kazi, lakini unakatika ovyo ukikunjwa, na ikiwa siku moja utataka kupeleka umeme wa kamera za ulinzi ndani ya waya huo, usijaribu, unapata joto. Shaba tupu ya Cat5e inabeba gigabiti mpaka mita mia, haina haja ya mtu kukuuzia Cat8.

#9 PichaZaHarusi

Nimerudi na majibu. Vichwa vimebadilishwa, nimesimamia mwenyewe rangi moja moja. Ndani ni shaba, nashukuru.

Laptop sasa inasoma 1000 sebuleni, na iperf3 inatoa 940 bila kutikisika dakika nzima. Sikutegemea tofauti kubwa hivyo kwa vichwa viwili tu.

Lakini nimerudisha waya kwenye boksi na yale mafaili makubwa bado yanakwama! Ni kidogo kuliko mwanzo, ila yanakwama. Nimeshindwa kuelewa.

#10 DadaWaSeva

Kaka, ingia kwenye mipangilio ya boksi, sehemu ya mtandao, uangalie limeunganishwa kwa kasi gani. Kama halionyeshi, angalia ukurasa wa ruta. Naamini utakuta 100. Maboksi mengi ya Android, na karibu TV zote zenye tundu la mtandao, hata za bei kubwa, zimewekewa tundu la 100. Wengi hawalijui hili kwa sababu filamu za mtandaoni hazifiki hata nusu ya hapo.

Rudi kwenye hesabu yako: faili linataka 102, tundu linapitisha 94. Halitawahi kupita hilo, hata waya ungekuwa wa dhahabu. Kila sekunde inabaki na deni, akiba inaisha, kiduara kinatokea.

Jaribu boksi kwenye waifai ya 5 GHz. Laptop imepata karibu 200 palepale, kwa hiyo nafasi ipo. Ila usitumie 2.4 GHz: boksi lenye antena moja linaandika 72 kwenye kioo, na kinachopatikana kweli ni kama nusu yake au zaidi kidogo, tena majirani wakiwa wamelala. Njia nyingine ni adapta ya USB yenye tundu la gigabiti, lakini hakikisha duka litakubali urudishe, maana siyo kila boksi linaitambua.

Na kabla hujafanya lolote, video ikiwa inacheza fungua ukurasa wa msimamizi wa Jellyfin uangalie hicho kifaa. Utaona kama video inatumwa ilivyo au seva inaibadilisha. Niambie umekuta nini, maana kubadilishwa ni ugonjwa mwingine kabisa na dawa yake haiko kwenye waya.

#11 PichaZaHarusi

Dada, ni 100 kweli. Nimeweka 5 GHz, faili la 6.4 limecheza hadi mwisho bila kiduara!

Ila nimeona jambo. Kamera yangu kuu inatumwa ilivyo. Kamera ya pili, ambayo huwa naiweka kwenye mimbari, ukurasa unasema inabadilishwa, na hiyo bado inakwama, hasa nikiwa nimeacha kazi nyingine inatolewa kwenye programu ya kuhariri.

#12 DadaWaSeva

Hiyo kamera ya pili bila shaka umeiweka kurekodi kwa biti 10, 4:2:2, yaani namna inayohifadhi rangi nyingi zaidi. Ni nzuri sana kwa kurekebisha rangi, usiiache. Lakini chipu za maboksi na TV zimetengenezwa kwa ajili ya 4:2:0, yenye rangi pungufu, ambayo ndiyo inayotumika kwenye filamu na matangazo. Boksi linakataa, seva inalazimika kuisoma video na kuiandika upya papo hapo, tena 4K, huku prosesa yako imeshikwa na kazi ya kuhariri. Hapo mtandao unasingiziwa bure.

Ushauri wangu kwa kazi yako: usimwonyeshe mteja mafaili ya kamera. Tengeneza nakala ya kuangalia, ukiilaza usiku ikamilike asubuhi. Mimi natumia amri hii ya ffmpeg, programu ya kubadilisha video:

`ffmpeg -i kanisani.mp4 -c:v libx265 -preset medium -crf 22 -pix_fmt yuv420p -x265-params vbv-maxrate=30000:vbv-bufsize=30000 -c:a aac -b:a 192k -tag:v hvc1 kanisani_nakala.mp4`

Hicho kipande cha `vbv-maxrate=30000` ndicho muhimu kwa shida yako. Kinaizuia video isivuke megabiti 30 hata pale vifijo na karatasi za rangi zinaporushwa hewani, maana picha zenye vitu vidogo vingi vinavyosogea ndizo zinazokula data kuliko zote. Wastani ukiwa mzuri na kilele kikawa kirefu, bado itakwama kwenye kilele, na kwenye harusi kilele huwa ndipo mteja anapotaka kuona. Sebuleni hakuna atakayetofautisha nakala hiyo na faili la kamera. Faili asili linabaki kwako kwa kuhariria.

Asiyependa kuandika amri atumie programu ya HandBrake, achague H.265 (namna ya kubana video).

#13 Mhariri_Mkuu

Nimesoma uzi wote, nimeona swali la pili la mleta mada limesahaulika: kushtukashtuka bila kiduara. Mkuu, unarekodi fremu ngapi kwa sekunde?

#14 PichaZaHarusi

25. Nilifundishwa hivyo kwa sababu ya taa za umeme wetu.

#15 Mhariri_Mkuu

Umefundishwa vizuri. Umeme wetu ni hezi 50, ukirekodi 25 kwa shata ya 1/50 taa za ukumbini hazipepesi. Lakini maboksi mengi yanatoka kiwandani yakiwa yametegwa kutoa picha 60 kwa sekunde. Gawanya 60 kwa 25 haitoki namba kamili, inatoka 2.4. Kwa hiyo fremu moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, tena mbili, tena tatu. Watu wakiwa wamesimama huoni kitu. Kamera ikizunguka taratibu, jicho linaona mwendo unapungua na kuongezeka. Ndiyo huko kushtuka.

Nenda mipangilio ya boksi, sehemu ya onyesho, weka 3840 × 2160 kwa hezi 50. Kila fremu itakaa mara mbili kamili. Kama boksi lako lina chaguo la kufuata kasi ya video yenyewe, washa hilo, ni bora zaidi, kwa sababu filamu nyingi ni fremu 24 na hezi 50 haizifai. Kwenye Kodi (programu ya kuchezea video) chaguo hilo liko kwenye mipangilio ya kichezaji, upande wa video.

#16 PichaZaHarusi

Nimeweka 50 sasa hivi. Ile picha ya kuzunguka meza kuu inateleza kama ilivyo kwenye kompyuta. Mhariri, Mungu akubariki. Nilikuwa nimeshaanza kuilaumu kamera.

#17 binti_kigamboni

Samahani kuingilia uzi, nami nina ya kwangu. Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba hataki waya. Ruta iko chumba cha mbele, kati kuna kuta mbili za tofali. Nilinunua kikuza mawimbi, alama za waifai sasa zimejaa, lakini filamu inakwama kuliko mwanzo. Na nikiwasha maandishi ya tafsiri ndiyo kabisa.

#18 DadaWaSeva

Mdogo wangu, alama zilizojaa zinakuambia uko karibu na kikuza mawimbi. Hazisemi kama chenyewe kinasikia ruta vizuri. Na kama ni vile vya bei ndogo vyenye redio moja, kinapokea kisha kinarudia kwa redio ileile, kwa hiyo kasi inakatwa nusu hata kikiwa mahali pazuri. Ukiwa umekichomeka chumbani kwako karibu na TV, kihamishe kikae nusu ya njia, mahali simu yako bado inapata ruta vizuri. Bora zaidi ni kile chenye bendi mbili: kizungumze na ruta kwa 5 GHz na TV kwa bendi nyingine, au TV iungwe kwacho kwa waya mfupi ndani ya chumba. Huo mwenye nyumba hatauona.

Ruta yenyewe usiiache sakafuni nyuma ya kabati la vyombo. Ipandishe juu, mbali na friji na dirisha lenye nondo. Kama inabaki 2.4 GHz, pakua programu ya kuchunguza waifai kwenye simu, uone majirani wamejaa wapi, kisha uchague chaneli 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache. Usiweke 3 au 8 ukidhani umekimbia msongamano, hapo unagongana na pande mbili.

Maandishi ya tafsiri: kama ni ya picha, yale yanayotoka kwenye diski za Blu-ray, vifaa vingi haviwezi kuyachora, seva inayachoma ndani ya video na kulazimika kuibadilisha video nzima. Tafuta ya SRT, hayo ni maandishi matupu na hayaisumbui seva.

#19 NjiaPanda

Nimejifunza, asanteni. Swali moja kwa Fundi: diski ya nje nikiichomeka kwenye tundu la USB la ruta badala ya kuwasha kompyuta kila siku, inafaa?

#20 Fundi_Waya

Kwa HD ya kawaida inafaa. Kwa 4K nzito pima kwanza: nakili faili kubwa kutoka kwenye hiyo diski kwenda laptop iliyochomekwa waya, uangalie megabaiti kwa sekunde, uzidishe kwa 8. Diski haitakuwa tatizo, hata USB ya zamani inatoa megabaiti 30 na kitu, ambayo ni zaidi ya megabiti 240. Kinachochoka ni prosesa ndogo ya ruta, hasa diski ikiwa ya NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows). Ukipata chini ya mara mbili ya kile video inachotaka, rudi kwenye kompyuta. Na usinakili mafaili mengine kwenye diski hiyohiyo wakati watu wanaangalia. Vichwa vya kusomea vya diski ya kuzunguka husogea vyote pamoja, vikikimbizwa huku na huko video ndiyo inayoumia.

Chaji ya simu nayo isichomekwe kwenye tundu la pili la ruta. Diski isiyo na adapta yake inahitaji umeme wote wa hapo.